Kalafati ya Nanomita Chache

Plastiki tunaijua kama kizuizi cha umeme. Waya huvishwa plastiki ili mtu asipigwe shoti, swichi ya ukutani ni ya plastiki kwa sababu hiyohiyo, na bisibisi ya fundi umeme ina mpini wa plastiki. Kwa hiyo habari iliyotoka Lausanne, Uswisi, mwaka 2016 ilistahili kushangaza watu kuliko ilivyowashangaza. Watafiti wa chuo cha EPFL, katika kundi la Profesa Michael Grätzel, walichukua akriliki, plastiki ngumu na angavu iliyojulikana duniani kwa jina la Plexiglas na ambayo kwetu imejaa kwenye mabango ya maduka. Waliyeyusha kiasi kidogo mno, wakakitia ndani ya seli ya jua ya perovskaiti wakati seli yenyewe ikiundwa. Seli haikudhoofika. Ilipopimwa rasmi ilikuwa inageuza zaidi ya asilimia 21 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa wakati ule kwa seli za aina hiyo. Maabara za Australia, Ujerumani, Marekani na Korea Kusini nazo zimetumia plastiki za namna mbalimbali, kila moja kwa njia yake, na matokeo yameelekea upande uleule. Ninadai kwamba hiki si kioja cha maabara. Kinatuonyesha mahali ambapo ufanisi wa seli hizi umekuwa ukivuja tangu mwanzo. Kinatuonyesha pia kwamba ufanisi na uimara, mambo mawili ambayo kwa kawaida hupimwa kila moja peke yake, yana mzizi mmoja.

Jina perovskaiti lilianza kama jina la jiwe. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alieleza madini ya kalsiamu, titani na oksijeni yaliyotoka milima ya Ural, akayapa jina la Lev Perovski, Mrusi aliyependa sana elimu ya madini. Seli za leo hazina jiwe hilo. Zimeazima mpangilio wa atomi zake tu: mahali pa kalsiamu pamekaa molekuli ndogo ya kikaboni au atomi ya sesiamu, mahali pa titani pamekaa risasi, na mahali pa oksijeni pamekaa iodini au bromini. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toin, Yokohama, walitoa seli iliyofikia asilimia 3.8. Ndani yake mlikuwa na kimiminika ambacho kiliiyeyusha perovskaiti yenyewe muda mfupi baada ya seli kuanza kazi. Miaka mitatu baadaye makundi mawili, moja la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini akishirikiana na Grätzel, jingine la Henry Snaith wa Oxford, yaliondoa kimiminika hicho na kufika karibu asilimia 10, moja likiwa chini yake kidogo na jingine juu yake kidogo. Leo rekodi imepita asilimia 26. Silikoni, mada iliyomo katika karibu kila paneli tunayoiona juu ya mapaa, ilihitaji zaidi ya miaka 40 kutoka kwenye asilimia 6 za mwaka 1954 hadi karibu asilimia 25.

Kasi hiyo imewafanya wengi waamini kwamba kila mwaka wanasayansi wamekuwa wakigundua perovskaiti mpya inayonasa mwanga vizuri zaidi. Kwa sehemu ni kweli, kwa maana mapishi yamebadilika na molekuli moja imechukua nafasi ya nyingine. Lakini uwezo wa kunasa mwanga ulikuwapo tangu mwanzo. Tabaka la perovskaiti lenye unene wa nusu ya elfu moja ya milimita linatosha kumeza karibu mwanga wote wa rangi zinazolifaa, wakati kipande cha silikoni kwenye paneli ya kawaida kina unene wa mara 300 hivi kuliko hapo. Kilichokosekana ni njia salama ya kuutoa nje umeme uliokwisha kuzaliwa, na ili kulielewa hilo inafaa tusogee karibu tutazame seli inavyotengenezwa.

Kipande cha kioo kisichozidi upana wa vidole viwili kinawekwa juu ya mashine inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Juu yake yanadondoshwa matone ya mchanganyiko wa chumvi za risasi na iodini, ya manjano kama mafuta ya kupikia, na mzunguko unayatandaza hadi ukingoni. Sekunde chache kabla mashine haijasimama, linadondoshwa tone la kimiminika cha pili kinachokifukuza kiyeyushi cha kwanza, na chumvi zinaganda kwa ghafla. Kisha kioo kinahamishiwa kwenye bamba lenye joto la nyuzi 100 hivi, na hapo, mbele ya macho, umanjano unaiva kuwa hudhurungi iliyokaribia weusi. Kazi ya kutandaza na kuivisha inaweza kwisha ndani ya saa moja, tena kwa joto ambalo jiko la nyumbani linalipita. Silikoni huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 1,400. Hapo ndipo ulipo uzuri wa perovskaiti, na hapohapo ndipo inapoanza shida yake, kwa sababu kinachoganda kwa haraka hakigandi kikiwa kipande kimoja. Tabaka zima ni punje nyingi mno za fuwele zilizobanana, na kati ya punje na punje pana mpaka. Juu na chini ya tabaka pana mipaka mikubwa zaidi, pale perovskaiti inapokutana na tabaka za kupokea umeme. Ndani ya fuwele kila atomi ya risasi imezungukwa na iodini sita. Kwenye mpaka baadhi ya iodini hazipo, na risasi inabaki na mkono mtupu, ikitafuta cha kushika.

Mkono huo mtupu unaiba umeme. Mwanga unapogonga perovskaiti unaing'oa elektroni kutoka mahali pake, na pale ilipotoka panabaki pengo linalosafiri kama vile nalo ni chembe. Elektroni inatakiwa itoke upande mmoja wa seli na pengo litoke upande wa pili. Zikikutana njiani penye kasoro, elektroni inatumbukia katika pengo na nguvu yake inaishia kuwa joto. Hasara hii haionekani sana kwenye wingi wa mkondo. Inaonekana kwenye volti. Chukua seli ya sentimita moja ya mraba inayotoa miliampea 25 kwa volti 1.10, na ambayo kigezo chake cha ujazo, yaani sehemu ya zao la mkondo na volti inayoweza kutumika kweli, ni 0.78. Zidisha, utapata asilimia 21.5 kwa jua la kawaida la kupimia. Sasa uache mkondo palepale kwenye miliampea 25, lakini punguza wizi wa mipakani hadi volti ipande kuwa 1.17 na kigezo cha ujazo kuwa 0.83. Ufanisi unakuwa asilimia 24.3. Jua ni lilelile na perovskaiti ni ileile, na hakuna hata fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ya ziada iliyonaswa. Kanuni ya fizikia inasema kwamba katika joto la kawaida, kila upotevu huu unapopunguzwa mara 10, seli inapata takriban milivolti 60 zaidi. Kwa hiyo ngazi ya kupandia ipo na urefu wa vidato vyake unajulikana.

Ushahidi kwamba wizi unafanyika zaidi mipakani kuliko katikati ya tabaka uliwekwa wazi na kundi la Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, mwaka 2018. Walitumia njia nzuri sana ya kupima. Perovskaiti bora ikimulikwa huwaka yenyewe kwa mwanga hafifu, kwa sababu elektroni ambayo haikuibwa na kasoro hurudi mahali pake ikitoa fotoni. Kadiri inavyowaka ndivyo inavyoonyesha kwamba haivuji, na ndiyo maana mwanafizikia Eli Yablonovitch wa Berkeley na wenzake walikwisha kushikilia tangu 2012 kwamba seli nzuri ya jua sharti iwe pia taa nzuri. Watafiti wa Potsdam waliupima mng'ao huo kwenye perovskaiti ikiwa peke yake, kisha ikiwa imebandikwa tabaka za kupokea umeme, moja baada ya nyingine. Perovskaiti peke yake ilikuwa na hali nzuri. Ilipoguswa na tabaka la kupokea elektroni, mng'ao ukaanguka. Mada ilikuwa nzima. Kilichovuja ni mshono.

Mafundi wa majahazi wa mwambao wetu wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Ubao wa mvule au msaji hukaa majini miaka mingi bila kupitisha tone, na maji huingia pale ubao unapokutana na ubao. Ndiyo maana chombo kipya hakishushwi baharini kabla ya kalafati, pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, kushindiliwa katika kila mwanya kwa patasi na nyundo. Pamba haielei kuliko mbao wala haina nguvu kuliko mbao. Kazi yake ni kukaa pale ambapo ubao hauwezi kukaa. Polima, kwa maana ya plastiki kama akriliki, inafanya kazi inayofanana na hiyo ndani ya seli. Mnyororo wake mrefu una, kila baada ya hatua fupi, kundi la kaboni na oksijeni ambalo oksijeni yake ina elektroni za ziada za kugawa. Risasi yenye mkono mtupu ikikutana na oksijeni hiyo inaishika, na ikishaishika haina tena haja ya kunyakua elektroni zinazopita. Katika kazi ya Lausanne polima ilikuwa na kazi ya pili pia: ilitiwa ndani ya lile tone la kimiminika cha pili, ikawa kama kielelezo cha kuotea fuwele, na punje zilizoota zikawa kubwa na zenye mpangilio bora. Punje zikiwa kubwa, mipaka inakuwa michache. Kazi ya tatu ni kuzuia unyevu, na nitairudia, kwa kuwa kwetu huku ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mtu mwenye akili timamu atauliza: plastiki isiyopitisha umeme ikikaa kati ya perovskaiti na waya, umeme utatokaje? Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye unene. Elektroni si kokoto. Kizuizi kikiwa chembamba kiasi cha nanomita moja au mbili, sheria za ulimwengu wa atomi zinairuhusu ipenye hadi upande wa pili, ingawa kwa kizuizi kinene zaidi isingeweza. Mwaka 2016 kundi la Jinsong Huang, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha Nebraska, lilitumia hilo kwa makusudi. Walipaka polima zinazohami kabisa, zikiwamo polistirini ya vikombe vyepesi na Teflon ya vikaango, zikiwa nyembamba kiasi cha kupenyeka na elektroni, lakini zikizuia mapengo yasivuke kwenda upande usio wake. Seli zilivuka asilimia 20 na zikastahimili maji kuliko zisizopakwa. Lakini ukiongeza unene hata kidogo, kigezo cha ujazo kinashuka, na faida ya volti inaliwa na ukinzani. Huu ni mvutano wa kweli, na kwa miaka kadhaa ulionekana kama dari.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilipata njia ya kuuzunguka. Mwaka 2021 watafiti wake, akiwamo Kylie Catchpole, walieleza katika jarida la Science jinsi walivyootesha vijiti vidogo mno vya oksidi ya titani chini ya seli, kisha wakatandaza utando wa polima ya akriliki. Polima ilifunika sehemu kubwa ya eneo na kutuliza kasoro zake, na vijiti vikawa njia za kupitishia umeme, mithili ya misumari inayopenya zulia. Kwa hiyo kuziba na kupitisha hakukutegemea tena eneo moja. Kwenye seli za sentimita moja ya mraba, ambazo si ndogo kwa vipimo vya maabara, walipata kigezo cha ujazo cha karibu 0.84 na ufanisi wa asilimia 21.6 uliothibitishwa. Watafiti wa Potsdam walichukua njia nyingine: badala ya polima inayohami walitumia utando wa polima yenye chaji zake yenyewe upande mmoja wa perovskaiti, na upande wa pili floridi ya lithiamu, nao wakafikia karibu asilimia 20 kwa eneo kama hilo. Kwa hiyo anayesema plastiki haifai kwa kuwa inazuia umeme anazungumzia plastiki nene iliyotandazwa sawasawa kila mahali, jambo ambalo watafiti wa nyanja hii wameliacha zamani.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya nyanja yenyewe. Rekodi za miaka ya karibuni hazikuwekwa na polima peke yake. Nyingi zimetokana na molekuli fupi na chumvi za kikaboni zinazopakwa juu ya perovskaiti. Mwaka 2019 kundi la Jingbi You wa Chuo cha Sayansi cha China, Beijing, lilifika asilimia 23.3 kwa chumvi ya namna hiyo. Molekuli fupi hupenya pembe ambazo mnyororo mrefu hauwezi kuingia, na hujipanga vizuri zaidi. Nakubali yote hayo. Kama swali lingekuwa ni nani ana namba kubwa siku ya kwanza, ningeandika makala nyingine. Lakini molekuli fupi inakwenda kwa wepesi uleule ilioingilia. Katika kazi ya Beijing yenyewe ilionekana kwamba chumvi ile ikipashwa moto inageuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho hakizibi kasoro vizuri kama chumvi ilivyoziba. Mnyororo wa polima una mamia ya mikono. Mmoja ukiachia kwa sababu ya joto, mingine imeshika bado, na mnyororo wenyewe ni mzito mno kusafiri ndani ya seli. Tena hakuna sharti la kuchagua upande. Mwaka 2019 huohuo watafiti wa Korea Kusini walieleza katika Nature seli yenye chumvi na polima kwa pamoja. Polima ya P3HT, ambayo ni rahisi na ilikuwa imedharauliwa kwa miaka mingi kwa kuwa ilikuwa haielewani na perovskaiti ilipoguswa nayo moja kwa moja, ilitengewa tabaka jembamba la chumvi katikati. Ufanisi ulifika asilimia 22.7, na seli iliyofunikwa ikabaki na asilimia 95 ya nguvu yake baada ya saa 1,370 chini ya mwanga.

Saa hizo 1,370 zinanivutia kuliko ile asilimia 22.7. Perovskaiti inapokufa inaacha alama: weusi unafifia na umanjano unarudi, ule umanjano wa matone ya mwanzo, kwa sababu iliyobaki ni chumvi ya risasi na iodini na molekuli ya kikaboni imekwenda zake kama gesi. Maji huingia kupitia wapi? Kupitia mipaka ileile iliyokuwa ikiiba elektroni. Iodini inatorokea wapi? Palepale. Atomi isiyoshikwa vizuri ndiyo inayoiba umeme leo na ndiyo itakayong'oka kesho, na kwa hiyo polima inayoishika inafanya kazi mbili kwa tendo moja. Seli za Australia nilizozitaja zilipofunikwa na kuwekwa katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, zilibaki na zaidi ya asilimia 90 ya nguvu zake. Kipimo hicho cha 85 kwa 85 ndicho ambacho paneli za silikoni hupitishwa kabla ya kuuzwa. Kwa mtu wa Uswisi ni kipimo cha ukali wa kubuni tu. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja hakiko mbali sana na maisha: unyevu wa hewa asubuhi za masika hupita asilimia 80 bila ajabu, na paneli iliyolazwa karibu na bati wakati wa jua la saa saba mchana huweza kupita nyuzi 60. Teknolojia hii ikija kwetu ikiwa imepimwa kwa nyuzi 25 katika chumba kikavu, namba iliyoandikwa nyuma ya paneli haitatusaidia kitu.

Wapo wanaohofia kwamba plastiki yenyewe huchakaa juani. Wana sababu: katika kituo kimoja cha umeme wa jua huko Carrizo Plain, California, miaka ya 1980, plastiki iliyofunika seli za silikoni iligeuka rangi ya kahawia na kupunguza mwanga. Lakini plastiki ile ilikuwa na unene wa karibu nusu milimita na mwanga wote ulipita ndani yake. Utando wa nanomita mbili hata ukibadilika rangi hauna unene wa kuzuia mwanga wowote wa maana. Swali lake ni kama utaendelea kushika, na hapo akriliki ina sifa ya kutosha, maana mabango yake hukaa nje miaka mingi. Isitoshe, plastiki imo katika karibu kila paneli ya silikoni inayouzwa leo kwa dhamana ya miaka 25. Watengenezaji waliboresha mchanganyiko wake wakaendelea.

Risasi nayo haiwezi kurukwa, hasa na mwandishi wa Afrika Mashariki. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulifundisha nchi nzima kile ambacho risasi ya betri chakavu inaweza kuwafanyia watoto na wazazi wao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Hesabu inasaidia kidogo: tabaka la nusu mikromita kwenye mita moja ya mraba lina risasi isiyofika gramu moja, na betri moja ya gari ina kilo 10 hivi, kiasi cha kutosheleza zaidi ya mita za mraba 10,000 za seli. Hata hivyo sitaki hesabu hiyo itumike kufunga mjadala, kwa kuwa risasi ya perovskaiti iko katika umbo linaloyeyuka kwenye maji ya mvua, na umbo hilo huingia mwilini kwa urahisi. Hapa tena polima ina la kusema. Mwaka 2019 watafiti wa Okinawa, Japani, walifunika paneli ndogo kwa epoksi inayojiunga yenyewe ikipata joto la jua. Paneli ilipopigwa kwa mfano wa mvua ya mawe, risasi iliyovuja ilipungua mara 375 ikilinganishwa na ufunikaji wa kawaida. Mwaka uliofuata kundi la Marekani lilibandika tando zinazonyonya risasi mbele na nyuma ya seli, ule wa nyuma ukiwa wa polima, na zaidi ya asilimia 96 ya risasi iliyotoka kwenye seli zilizovunjwa ikanaswa. Ningependa kuona mamlaka za viwango za Kenya na Tanzania zikidai ulinzi wa namna hiyo kabla kontena la kwanza halijashuka bandarini, na pia mpango wa kurudisha paneli zilizokufa, maana hakuna utando unaoweza kufanya kazi ya serikali.

Kuna watakaosema kwamba silikoni imekwisha kuwa rahisi, basi kwa nini tujisumbue. Bei ya paneli imeanguka kweli, na kwa sababu hiyohiyo gharama kubwa sasa iko kwenye fremu, nyaya, inveta, betri na ufundi, vitu ambavyo havipungui paneli ikiwa rahisi. Vinapungua kwa kila wati pale paneli yenye ukubwa uleule inapotoa umeme mwingi zaidi. Silikoni peke yake ina kikomo cha nadharia cha asilimia 29.4. Ukiweka perovskaiti juu yake, ikachukua mwanga wa buluu na kijani na kuiachia silikoni mwekundu, kikomo hicho kinavukwa: kampuni ya LONGi ya China ilitangaza asilimia 34.6 mwaka 2024 kwa seli ya namna hiyo. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, kiwanda cha Oxford PV kilichopo Brandenburg, Ujerumani, kilituma mzigo wake wa kwanza wa kibiashara Marekani, paneli kamili zenye ufanisi wa asilimia 24.5. Kumbuka kwamba seli ya tabaka mbili ina mishono mingi kuliko ya tabaka moja.

Pengo kati ya 34.6 na 24.5 ndilo linalobaki, na sehemu yake kubwa ni suala la ukubwa. Seli ya Korea iliyotoa asilimia 22.7 ilipopanuliwa kuwa paneli ndogo ya sentimita 25 za mraba ilitoa asilimia 16. Mashine ya kuzungusha haiwezi kuzungusha paneli ya dirisha. Kiwandani mada hupakwa kwa mdomo mwembamba unaopita juu ya kioo kama brashi ya rangi. Hapo naona polima ikiwa na nafasi kuliko molekuli fupi, kwa kuwa kujitandaza na kushikana kuwa ngozi moja ni tabia yake ya asili, na viwanda vya rangi na vanishi vimeishi kwa tabia hiyo kwa vizazi. Lakini mtu asidhani ni kazi ndogo. Paneli ya upana wa mita moja yenye utando wa nanomita mbili, ukiikuza hadi upana wake uwe sawa na safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, utando utakuwa na unene wa milimita moja. Mahali popote usizidi milimita mbili, na usiwe na tundu lolote kati ya Changamwe na Athi River.